Mkaliaji wa Nafasi Namba Moja

Nchi ninayoieleza hapa haipo. Niliitafuta kwenye ramani iliyobandikwa ukutani darasa la sita, ambako ndiko nilikoishia, na sikuiona. Kwa hiyo kama wewe ni afisa wa serikali na unasoma haya huku umekunja uso, ukunjue. Hayakuhusu. Ni nchi nyingine, ina bendera nyingine, na waziri wake wa maegesho alikuwa mnene kwa namna nyingine.

Katika nchi hiyo, Mtukufu Rais alirudi siku moja kutoka safari ya nje akiwa amehuzunika. Huko ugenini alikuwa amesimama dirishani hotelini akahesabu magari mia nne kabla chai yake haijapoa. Akatuita uwanjani. Tukaenda.

"Ndugu wananchi," alisema, "nilikuwa nawatazama mnavyokuja. Mnatembea! Watu wazima, na akili zenu, mnatembea kwa miguu mchana kweupe! Mkoloni alitukuta tunatembea, akaondoka akatuacha tunatembea. Mpaka lini? Kuanzia leo maendeleo ni gari. Kila nyumba, gari. Asiye na gari ajiulize anamfanyia kazi nani."

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Kisha tukarudi nyumbani kwa miguu, kwa aibu.

Magari yakaja. Meli zilishusha magari ya mtumba usiku na mchana, mengine yakiwa bado na pipi za watoto wa wenyewe chini ya viti. Watu waliuza ng'ombe, wakauza mashamba, wakauza mabati ya paa. Jirani yangu mmoja aliuza kitanda, akawa analala ndani ya gari, akasema sasa ana vyote viwili. Baada ya miaka miwili kila nyumba ilikuwa na gari, na nyumba ya wake wawili ilikuwa na mawili, kwa ajili ya amani.

Hapo likatokea jambo ambalo wataalamu wa wizara, pamoja na digrii zao, hawakulitarajia. Gari likishafika linapokwenda, linataka kusimama.

Mji wetu ulikuwa na barabara saba, zilizochorwa zamani kwa ajili ya magari kumi na mawili ya wazungu na punda wa posta. Aliyebahatika kupata pa kupaki hakuondoka tena. Angeondokaje? Akiondoka, akirudi atamkuta mwingine. Kwa hiyo tuliyaacha magari yamesimama, tukaenda kazini kwa miguu, huku tukichezesha funguo mkononi ili watu wajue kwamba tunatembea kwa hiari. Jumapili familia ilivaa vizuri ikaenda kulitembelea gari, ikakaa ndani, ikasikiliza redio, ikarudi.

Waliokosa nafasi walipata shida ya upande wa pili. Sheria ilisema gari likisimama pasipo nafasi litafungwa mnyororo pamoja na vilivyomo, na mahakama ikaamua kwamba abiria ni vilivyomo. Basi wakazunguka. Walizunguka mwendo wa kobe, wakila ndani, wakinyolewa ndani, wakitiliwa mafuta huku wanasogea. Mji ukawa na raia wa aina mbili: wasioweza kuondoka na wasioweza kusimama.

Redio ya taifa ikatangaza kwamba foleni imekwisha nchini. Kilichoonekana barabarani, mtangazaji alisema, kisiitwe foleni. Ni mzunguko.

*

Sisi watu wa kule tulikuwa na desturi ya tangu zamani. Bombani, maji yakikatika, mtu hasimami kwenye foleni kutwa nzima kama mlingoti. Anaweka jiwe. Jiwe lako likikaa nyuma ya ndoo ya mama fulani, basi wewe uko nyuma ya mama fulani, hata kama umelala kwako unakoroma. Watu waliibiana kuku, waliibiana wake, lakini sikuwahi kusikia mtu kasogeza jiwe la mwenzake.

Kwa hiyo aliyelazimika kutoa gari, tuseme kumpeleka mgonjwa, aliweka jiwe kwenye nafasi yake, akaenda, akarudi, akalikuta. Miezi mitatu tulikaa hivyo kwa raha. Kisha wakubwa wakaligundua jiwe. Wakaagiza malori ya kokoto, wakamwaga kuanzia Ikulu hadi machinjioni. Asubuhi tulipoamka, mji mzima ulikuwa na mwenyewe.

Watu walinung'unika. Ndipo Waziri wa Maegesho, Mheshimiwa Lumbwe, akasimama bungeni.

"Jiwe halina kitambulisho," alisema. "Jiwe halipigi kura. Jiwe halina baba wala kabila. Serikali hii haiwezi kuendelea kufanya kazi na mawe."

Sisi tuliokuwa tukiwatazama wabunge wake hatukuona kwa nini isiweze, lakini hatukuulizwa. Sheria ikapita: nafasi itashikwa na binadamu mtu mzima, mwenye kitambulisho, akiwa amekaa. Kifungu cha nne tulikikariri kama sala: *Aliyesimama ameondoka.* Na kifungu cha tano: nafasi iliyoachwa ni ya atakayewahi.

Ndivyo tulivyopata ajira, mimi na Kitwana Mlekwa. Cheo chetu kilikuwa Mkaliaji wa Nafasi, Daraja la Tatu. Tulipewa sare ya kijani na kiti cha plastiki kila mmoja, tukapangwa Hospitali Kuu.

Mlangoni kabisa, chini ya kibanda cha bati ambako zamani yalisimama magari ya wagonjwa, palikuwa na nafasi mbili. Namba moja ilikuwa ya Mheshimiwa Lumbwe. Namba mbili ya Katibu wake Mkuu. Wote wawili walitibiwa ng'ambo, hata mafua. Lakini ugonjwa hauna adabu, unaweza kumshika mtu mkubwa njiani, na ukimshika ni lazima akute pa kupaki. Kitwana alikalia namba moja. Mimi namba mbili. Kati yetu palikuwa na mstari wa chokaa. Jioni wenzetu wa zamu walikuja, tukakabidhiana mbele ya mashahidi wawili, mmoja akiinuka kidogokidogo huku mwingine akiingiza makalio.

Kitwana alikuwa fundi baiskeli kabla baiskeli hazijawa dalili ya uhaini. Kazi ya kukaa aliichukua kama ibada. Alipiga pasi sare, akapiga pasi mpaka soksi. Mwaka wa kwanza tu alipata cheti cha Mkaliaji Bora, akakitia plastiki, akakivaa shingoni. Na mke wake, Siwema, alikuwa mjamzito, baada ya miaka kumi na mmoja ya ndoa na waganga wote wa wilaya mbili.

"Siku hizi anakula udongo," aliniambia asubuhi moja, uso unang'aa.

"Basi mtoto atakuwa mkulima."

"Atakuwa daktari, bwana we! Atazaliwa hapahapa, anapofanya kazi baba yake. Nimeshaongea na nesi."

"Umeongea na nesi. Na gari litakalomleta mama litasimama wapi?"

Akanitazama kama nimemtukana. "Litasimama. Mimi ni mtu wa hapa."

*

Magari ya wagonjwa hayakuwa na nafasi. Nafasi hutolewa kwa jina la mtu, na gari la wagonjwa hubeba yeyote, kwa hiyo halina jina. Nayo yakazunguka: kutoka mlangoni, kuzunguka soko, kuzunguka uwanja wa mpira, mpaka mlangoni tena. Dakika arobaini. Mgonjwa aliyeweza kuruka aliruka, na kwa kuwa ameweza kuruka, daktari alimwona mzima akamrudisha nyumbani. Asiyeweza kuruka aliendelea na mzunguko.

Dereva mmoja, Mabruki, hakuchoka kumsumbua Kitwana. Kila akipita alichomoza kichwa dirishani.

"Kitwana, ndugu yangu, dakika mbili tu! Nina mzee humu, anatweta kama mbwa."

"Nafasi ya Mheshimiwa."

"Mheshimiwa yuko ng'ambo tangu mwaka juzi!"

"Ndiyo maana nimewekwa. Mwenyewe anaweza kuja."

"Ni baba yako huyu!"

"Baba yangu alikufa mwaka wa nzige. Jana ulisema umembeba dada yangu. Juzi shangazi. Ukoo wangu wote unaumwa, Mabruki? Zunguka."

Mabruki alizunguka. Mimi nilicheka. Nilicheka mpaka kiti kikalia. Yule mzee sikumwona akishushwa, siku ile wala kesho yake.

Kisha redio ikapiga nyimbo za maombolezo siku tatu, tukajua kuna mkubwa. Alikuwa Mheshimiwa Lumbwe. Alikuwa ng'ambo akitibiwa mgongo, ulioharibika kwa kukaa, na moyo ukakataa. Kitwana alilia kwa dhati. Hakuwahi kumwona, lakini alikuwa amemkalia mwaka na miezi miwili. Akamwita Bwana Tindwa, Afisa Nafasi wa hospitali, mtu mwenye mfuko wa karanga na muhuri.

"Mkuu, sasa nisimame?"

"Nafasi hutolewa kwa barua," Tindwa alisema akimenya karanga, "na hufutwa kwa barua. Barua ya kufuta husainiwa na nani?"

"Na Waziri, mkuu."

"Waziri yuko wapi?"

"Amefariki, mkuu."

"Basi kaa."

"Na Waziri mpya?"

"Hajateuliwa. Anatafutiwa pa kupaki kwanza."

Kitwana akafunga kitambaa cheusi kwenye mguu wa kiti, akakaa. Wiki saba alimkalia marehemu. Na Mabruki alipopiga kelele kwamba hata mbinguni hakuna mtu anayerudi kupaki, Kitwana alimjibu lilelile, ila kwa sauti ya chini zaidi: "Mwenyewe anaweza kuja."

*

Ilikuwa Jumanne, saa tatu asubuhi. Mabruki alitokea kwenye kona ya soko akipiga honi mfululizo.

"Kitwana! Inuka! Ni mkeo humu ndani!"

Kitwana hata hakugeuza shingo. Alifuta vumbi kwenye cheti chake. "Leo umefika kwa mke," alisema. "Kesho utanibeba mimi mwenyewe."

"Haki ya Mungu, Kitwana! Ni Siwema! Mtoto anatanguliza miguu!"

Nyuma yake yalikuwa magari mia yanasukumana kwa honi. Hakuweza kusimama. Akapita huku ametoa nusu ya mwili dirishani akitukana. Mimi nikamwambia Kitwana, "Huyu siku hizi anajua kuigiza." Nilisema hivyo. Na Kitwana akacheka, lakini niliona mkono wake unatafuta kitu mfukoni, haukipati, unatoka.

Dakika arobaini ni nyingi mtu akiwa anazihesabu. Saa nne kasorobo Mabruki alitokea tena. Safari hii hakupiga kelele. Alikuwa amefungua mlango wa nyuma na kuuacha wazi ukipigapiga, na tukasikia sauti ya mwanamke, imekauka, kama ya mtu aliye chini ya kisima.

"Kitwana we! Kitwana, mbona unaniacha nizunguke?"

Kitwana aliinuka nusu. Tindwa akatokea mlangoni, karanga mkononi.

"Mkaliaji! Kifungu cha nne!"

"Mkuu, ni mke wangu."

"Nani kakataa? Pole sana. Kuna fomu ya kuazima nafasi. Inajazwa na anayeazima, inasainiwa na mwenye nafasi."

"Mwenye nafasi amekufa, mkuu!"

"Ndiyo maana nakuambia pole."

Kitwana akabaki ameinama hivyo, magoti yamekunjwa, hajakaa hajasimama, wakati mlango ule wazi ukipita mbele yake na kukata kona ya soko. Miaka kumi na mmoja aliisubiri ile mimba. Wiki sitini na nane aliilinda ile nafasi. Vyote viwili vilikuwa kwenye magoti yake.

Akakaa. Usiniulize kwa nini. Mtu aliyefundishwa kukaa hasimami kwa mara moja.

Aliporudi mara ya tatu, Mabruki alikuwa analia. Ndani hapakusikika kitu. Na Kitwana akasimama. Alisimama wima, akachukua kiti chake juujuu, akakimbilia pembeni huku akipunga mkono: ingia, ingia, ingia!

Katikati ya Kitwana na Mabruki palikuwa na gari dogo jekundu, la mtu aliyekuwa akizunguka siku kumi na tisa. Tulimfahamu kwa ndevu. Zilikuwa zimeota mbele ya macho yetu. Aliona kiti kinaondoka. Akakata usukani, akaingia namba moja, akazima injini.

Yule mtu alishuka, miguu haikumbeba, akapiga magoti akabusu chokaa.

"Toka!" Kitwana alimshika shati. "Toka, mke wangu anakufa!"

"Nisamehe, ndugu yangu. Siku kumi na tisa. Nisamehe."

"Umemleta nani hapa? Una mgonjwa gani?"

"Mgonjwa? Mimi simjui mtu hapa," alisema, machozi yanamtiririka kwenye ndevu. "Nilikuwa natafuta pa kusimama tu."

Tindwa akafungua kitabu, akasoma kifungu cha tano, akafunga kitabu. Nafasi ilikuwa ya yule mwenye ndevu, kihalali.

Sasa nitasema lile nililolizungukia tangu mwanzo. Nafasi namba mbili ilikuwepo. Ilikuwa pana, safi, hatua mbili kutoka mlangoni. Nilikuwa nimeikalia mimi.

Mabruki alikuwa amefika usawa wangu, gari linasogea sentimita kwa sentimita. Akanitazama.

"Na wewe?"

Nikatazama kitambulisho changu, kama vile kuna kitu kimeandikwa pale ambacho sijawahi kukisoma.

"Mimi nina watoto watano, Mabruki."

"Na yeye alikuwa karibu kupata mmoja."

Tindwa alikuwa amenipa mgongo. Hakuna aliyekuwa akinichunga. Ningeweza. Badala yake kinywa changu kikafunguka, kikatoa maneno yasiyokuwa yangu:

"Mwenyewe anaweza kuja."

Mabruki akafunga breki palepale, katikati ya barabara. Akaliacha gari, mnyororo na uje. Yeye na Kitwana wakamshusha Siwema, wakamkalisha kwenye kile kiti cha plastiki chenye kitambaa cheusi mguuni, wakambeba mbiombio. Walipita mbele yangu. Nilivuta miguu ndani ili wasijikwae.

Siwema aliishi. Mtoto alikuwa wa kiume. Alikuwa amechoka kuzunguka.

*

Serikali haikulala. Iliunda Tume ya watu saba, ambayo ilichelewa miezi minne kuanza kwa sababu wajumbe walikosa pa kupaki. Ilipomaliza, ilitoa ripoti ya kurasa mia tatu. Ilikuta kwamba kifo cha mtoto kilisababishwa na kiti. Kiti cha plastiki, Tume ilisema, kimetengenezwa kwa kukalia na si kwa kubebea, na laiti kisingebebeka, mtumishi asingeinuka nacho. Ikapendekeza viti vyote vya wakaliaji vifungwe ardhini kwa zege. Changu kilifungwa wiki ileile. Ni imara sana.

Gari la Mabruki lilifungwa mnyororo, na yeye pamoja nalo, siku tatu, kama kilichomo. Yule mwenye ndevu yuko bado namba moja. Amenyoa. Ni mtu mpole, ananiletea magazeti.

Kitwana alishtakiwa kwa kutelekeza nafasi ya kiongozi wa taifa wakati wa maombolezo. Hakimu alimhurumia, hakumfunga. Alimkataza tu kukaa mahali popote pa umma maisha yake yote. Mgahawani anakunywa chai amesimama. Msibani anasimama. Alikuja kunionyesha hukumu, ina muhuri mzuri. Ndiyo cheti chake cha pili.

Siwema hasemi nami, na simlaumu. Lakini Kitwana anakuja kila asubuhi. Anasimama upande wa pili wa mstari wa chokaa, mikono nyuma, kama mtu aliyetumwa kukagua. Miezi hii yote hajawahi kunitukana. Ningependa anitukane.

Juzi nilishindwa kuvumilia. Gari la wagonjwa lilikuwa linapita, si la Mabruki, na ndani mtu alikuwa anaita kwa jina. Nikashika mikono ya kiti. Nikajiinua kidogo, kidogo tu, nione kama magoti bado yanakumbuka. Nikamtazama Kitwana, nikitaka aseme neno moja, inuka, basi, na ningeinuka.

Akaweka mkono begani kwangu. Ulikuwa mwepesi. Akanikandamiza chini taratibu, kama unavyomkalisha mgonjwa.

"Kaa, ndugu yangu," akasema. "Mwenyewe anaweza kuja."

Nikakaa. Gari likakata kona ya soko.